Mpira wa Saba

Nyinyi mliokabidhiwa funguo za stoo ya klabu yetu ya kriketi mmeniomba niandike chochote kitakachowafaa. Sawa. Cha kwanza: lile kufuli la mlango wa nyuma halifungi mpaka ulisukume kwa goti, na mtu akikuambia amelifunga, nenda ukalitikise mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka thelathini na moja, na ndivyo nilivyo. Mke wangu husema hata nikisalimiwa njiani nageuka kwanza kuhakikisha salamu ni yangu.

Mshahara siuandiki, haukuwa wa kuandikwa. Vyeo navyo havikuwepo: nilianza nikiwa mdaka mpira na mkata nyasi, nikamaliza nikiwa mkata nyasi na mwalimu wa wadaka mpira. Kitu kimoja tu nilikitaka, na nakisema wazi ili msidhani nazunguka. Nilitaka jina langu liandikwe kwenye Ubao wa Heshima, ule wa mbao nyeusi ulio juu ya meza ya chai, wenye majina ya wachezaji walioibeba klabu hii. Huu ni mwaka wa tano naachwa. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu nimesikia mnavyoelezana huko stoo, na mnaeleza vibaya.

Nilifika uwanjani Jumamosi moja ya mwezi wa tano, baridi ya huku kwa Waingereza ikiwa bado haijaondoka, nimevaa sweta la binamu yangu wa Wembley. Kriketi nilikuwa nimejifunzia Tanga, kwa majirani zetu Wahindi, kwa hiyo sikuwa mgeni wa mchezo. Mgeni nilikuwa wa watu. Kulikuwa na Wahindi wa Nairobi, wa Kampala, wa Mwanza, wa Moshi, wenye maduka yao Kingsbury Road, wengine wahasibu na wauza dawa, na Masingasinga wawili wa Kisumu. Mweusi nilikuwa peke yangu. Walinitazama kidogo, mimi nikawatazama zaidi. Nikawa nimeshaamua kurudi kituo cha basi, ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa kama najua kudaka au nimekuja kushangaa.

Huyo ndiye Mzee Jayanti. Nyinyi mnamjua wa siku hizi, anayesinzia kwenye kiti karibu na hita. Wakati ule alikuwa na duka la viungo Kingsbury Road, na kabla ya hapo alikuwa mdaka mpira hodari Moshi. Alinifundisha kazi yote. Mdaka anachuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu, na mpigaji anayevilinda kwa gongo yuko mbele yake. Watu wanadhani unautazama mpira. Hutazami mpira, unatazama kifundo cha mkono wa mrushaji, maana mpira ukishatoka mkononi umeshachelewa. Wadaka wengi wa Kiingereza wa zamani waliweka kipande cha nyama mbichi ndani ya glavu kuzuia maumivu. Mzee Jayanti, ambaye hajala nyama tangu azaliwe, alinikatia sponji ya kuoshea vyombo katikati, nusu kwa kila mkono, na vidole vyangu vimenyooka mpaka leo.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia kupima uwanja kwa ufunguo. Unauchomeka ardhini katikati ya sehemu ya kurushia. Ukiingia bila kusukumwa, usipitishe rola kusawazisha ardhi, hata kapteni akipiga kelele kiasi gani. Utabiri wa hali ya hewa msikilize kwa adabu, kisha chomeka ufunguo. Na mpigaji anayekuja akitabasamu na kuuliza habari za watoto, huyo usimwamini hata kidogo. Somo hilo la mwisho nililishika kuliko mengine yote, na Mzee Jayanti amekuja kulijutia.

Mwaka wa pili klabu ikaniajiri nitunze uwanja, na mwaka huohuo nikapewa Pravin. Pravin alikuwa dereva wa gari la kusambaza mizigo, mtoto wa fundi cherehani wa Mwanza, mpole, mkimya, na alirusha mpira wa polepole ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Ulipaa, ukakawia, ukashuka pale mpigaji alipokuwa hayupo tena. Mpigaji akishawishika kutoka mstarini kwake kuufuata, akaukosa, unanikuta mimi. Naangusha vijiti, naye amekwisha. Wengi waliondoka hivyo. Mimi na Pravin tulikuwa hatuhitaji kupanga, kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini, na nilimpenda kama ndugu yangu. Nasema hivyo nikijua litakalofuata.

Siri yetu ilikuwa Kiswahili. Klabu nyingine zilionyeshana ishara za vidole, sisi tulisema tu. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji wa Kiingereza, namwambia Pravin kwa sauti ya kawaida, mvute nje, mpe ya polepole, huyu ana pupa. Au, ngoja, huyu anasubiri hiyo, mpe ya haraka miguuni. Mpigaji anasikia kelele tu. Klabu nzima ilifanya hivyo, na wazee waliokuwa wakigombana kwa Kigujarati nje ya uwanja walikuwa wakiingia ndani wanahamia Kiswahili. Hapakuwa na aliyewahi kujiuliza kama kuna mwingine anayekisikia.

Msimu wa tisa tulikutana na timu moja kutoka upande wa Edmonton, mchezo wa mwisho, aliyeshinda anachukua kikombe. Walikuwa na mpigaji mpya, Mzungu mrefu, jina lake Martin. Pravin alimrushia kila alichokuwa nacho. Nikisema polepole, Martin keshasogea mbele kabla mpira haujatoka. Nikisema miguuni, keshaondoa mguu apate nafasi ya kupiga. Alitupiga mchana mzima bila kutoka jasho. Nilibadilisha nafasi za watu, nikabadilisha mpangilio wa mipira, akatupiga vilevile. Nikiwa nimechuchumaa pale nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri ni balaa. Nani anajua tunachopanga? Mimi na Pravin. Nani hupeleka mizigo kwenye maghala ya Edmonton kila wiki, mahali wanapofanya kazi nusu ya wachezaji wale? Pravin. Nani juzi kanunua viatu vipya? Pravin. Mpaka tunatoka uwanjani kesi ilikuwa imekwisha, hukumu nimeshaandika.

Chai ilikuwa mezani. Mke wa Pravin, Kokila, alikuwa ameleta sambusa, na binti yao Nisha, wa miaka sita, alikuwa akigawa vikombe vya karatasi. Nilisimama chini ya Ubao nikasema mbele ya wote, wageni na wenyeji:

"Muulizeni Pravin anauza nini kule Edmonton."

Pravin aliweka kikombe chini. Alimshika mtoto mkono, Kokila akaacha sambusa zake na sinia lake, wakaondoka. Sinia lile lilikaa stoo miaka, mimi ndiye niliyekuwa nikilihamisha kila nikisafisha. Tangu siku hiyo Pravin hakurusha mpira tena kwa klabu hii wala nyingine yoyote. Na maneno yakaenea, kwa sababu Kingsbury Road ni ndefu lakini maneno huimaliza kwa asubuhi moja. Ikawa Pravin kahongwa, Pravin kauza mechi. Kokila alikuwa akienda hekaluni anaulizwa kwa upole habari za viatu vya mumewe.

Aprili iliyofuata nilikuwa Wembley, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kitanzania, nasubiri wali na samaki. Nyuma yangu mtu akaagiza ugali na dagaa, akataka na pilipili ya kupondwa, kwa lafudhi ya Songea hasa. Nikageuka. Alikuwa Martin. Alinisalimia vizuri, akaniita mdaka, akacheka mpaka akashika meza. Baba yake alikuwa daktari wa hospitali ya misheni huko, na yeye kaishi Songea mpaka umri wa miaka kumi na tano.

"Mlikuwa mnanitangazia kila mpira," aliniambia. "Niliona aibu kuwakatiza."

Wali wangu sikuula. Nilitembea mpaka kituo cha treni nikaupita mlango wake mara mbili bila kuuona. Aliyekuwa anatoa siri alikuwa mimi, kwa mdomo wangu, kwa sauti ya juu, mpira baada ya mpira. Sisi sote tuliokuja na Kiswahili kwenye mizigo yetu tulidhani ni mali yetu peke yetu, na haikutupitia akilini kwamba Mzungu mrefu wa Edmonton anaweza kuwa amelelewa kwa uji wa mahindi wa Songea. Kosa hilo lilikuwa la klabu nzima. La kumsimamisha Pravin mbele ya mtoto wake lilikuwa langu.

Sasa mtauliza kwa nini sikwenda kwake siku hiyohiyo. Nilikuwa na sababu nyingi na zote nilizitengeneza vizuri. Nilisema ngoja msimu uanze. Nilisema ngoja nimpate peke yake. Nikasema amekwisha kusahau, kwa nini nimkumbushe. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ukiilaza siku moja inaamka nzito zaidi kesho yake. Nikanyamaza. Wachezaji wakaendelea kusema ya Pravin, nami nikawa najifanya nakaza nati za mashine ya nyasi.

Miaka ikapita. Magoti yakakataa kuchuchumaa, nikavua glavu nikawa mwalimu. Nisha akakua, akaja mwenyewe kujiunga na timu ya wasichana, na baba yake akaanza kuonekana tena kwenye viti vya pembeni na chupa yake ya chai. Alinisalimia. Mimi nikajiuliza kwa nini ananisalimia, anataka nini. Baadaye, maneno yalipopoa, wakampa kazi kwenye kamati, kisha wakamwandika kwenye Ubao, na alistahili, nasema hivyo. Lakini nilipoliona jina lake pale juu kwa herufi za dhahabu, sikulala vizuri.

Mnajua utaratibu wa Ubao, lakini nauandika kwa watakaokuja baada yenu. Msimu ukiisha, wazee saba ambao majina yao yako Ubaoni wanakaa. Kila mmoja anakuta mpira mmoja wa zamani mbele ya kiti chake. Jina likitajwa, wanaingia mmojammoja chumba cha kubadilishia nguo, ambamo mkoba wa vifaa umetundikwa. Anayekubali anauacha mpira ndani ya mkoba. Asiyekubali anautia mfukoni, na kabla ya kwenda nyumbani anautupa kwenye ndoo ya mipira mikuukuu karibu na mlango, wakati watu wanavaa makoti. Inatakiwa mipira saba. Sita haitoshi. Hakuna anayeulizwa.

Mara ya kwanza jina langu lilipopelekwa, mkoba ulitoka na mipira sita. Nikasema bahati mbaya. Mara ya pili, sita. Mara ya tatu, sita. Hapo hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekosa kushuku, na mimi nimeanza kushuku tangu utotoni. Nilianza na rangi yangu, na msidhani nilikuwa mjinga kwa hilo, mambo ya namna hiyo nimeyaona kwenye viwanja vingine kwa macho yangu. Nikashuku kwamba hawataki jina la mwajiriwa likae juu ya majina ya wenye klabu. Nikamshuku yule Singasinga mkubwa kwa sababu alikuwa ameacha kunipa lifti. Lakini kila nikizunguka nilikuwa narudi kwa Pravin. Nilimhesabia mara alizocheka na mara alizonyamaza. Nilisema, huyu ananisalimia mchana ananichinja kwenye mkoba.

Mwaka jana nikafanya jambo ambalo nyinyi msilifanye. Mipira ya kura ilikuwa kazi yangu kuipanga. Nilichukua msumari nikakwaruza kila mmoja kando ya mshono, mkwaruzo mmoja, miwili, mpaka saba, nikaipanga kufuata viti. Pravin alikuwa kiti cha nne. Nisha, ambaye sasa ndiye katibu, alihesabu mbele ya watu akatangaza sita, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini hajawahi kunijibu kwacho. Mkoba ukarudishwa kwangu. Nilijifungia stoo nikaitoa mipira mmojammoja juu ya benchi. Wa Pravin nilikuwa nimeshautolea maneno tayari.

Wenye mikwaruzo minne ulikuwepo. Niliugeuza mara tatu. Uliokosekana ni wenye mkwaruzo mmoja, na kiti cha kwanza ni cha Mzee Jayanti.

Nilikaa chini kwenye gunia la mbegu za nyasi. Mtu aliyenikatia sponji. Asubuhi nilikwenda dukani kwake Kingsbury Road, ambalo sasa linaendeshwa na mjukuu wake, naye hukaa nyuma akipanga iliki kwenye mifuko midogo. Sikumsalimia hata vizuri, nikamuuliza nimemkosea nini. Hakushangaa. Aliniambia nifunge mlango, kisha akasema Martin ni mteja wake wa miaka mingi, hununua viungo vya chai, na siku moja alimsimulia kisa chote kama kichekesho: mechi, mgahawa wa Wembley, na jinsi mdaka wa klabu yetu alivyoacha wali wake mezani.

"Nilingoja uende kwa Pravin," alisema. "Nikangoja tena. Sasa nina miaka themanini na tisa, kijana, unanichosha."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Pravin yeye mwenyewe. Akasema lile si neno lake, ni langu. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Barua ya kulipendekeza jina langu, kila mwaka, miaka yote minne, ilikuwa imeandikwa na Pravin.

Ilinichukua wiki mbili kufika nyumbani kwa Pravin, na hizo nazo ni aibu. Nilikwenda Jumapili mchana. Kokila alifungua mlango, akaleta chai, akakaa nasi, na nilitamani asikae. Nilisema yote bila kupamba. Nilisema siri ilitoka mdomoni mwangu, nilisema nilikutana na Martin, nilisema nilijua. Nikaomba radhi kwake, nikamgeukia Kokila nikamwomba na yeye. Nilikuwa nalia, na sioni sababu ya kuficha.

Pravin alikuwa akisikiliza huku anakunja kitambaa cha meza kwenye kona. Akauliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Aprili iliyofuata."

"Aprili iliyofuata," alirudia. Kisha akaongea mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. "Mimi nilikusamehe zamani, Bakari. Nilijiambia, Bakari ana hasira na ana wasiwasi, lakini aliamini kweli, na mtu akiamini kitu kweli utamfanyaje? Niliandika zile barua kwa moyo mweupe. Kumbe uliamini miezi saba. Hii miaka ishirini na mbili mingine ulikuwa unajua, na uliniacha."

Kokila aliinuka akachukua vikombe, changu kikiwa bado kimejaa. Pravin alinisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zake zilezile. Aliniambia kwamba barua ya mwaka unaofuata ameshaipeleka na hatairudisha, kwa sababu kazi niliifanya na mikono yangu ilikuwa mizuri kuliko yote aliyorushia. Lakini kura ni kitu kingine, akasema, na hawezi kujilazimisha.

Jumamosi zilizofuata niliwasimulia wote klabuni, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule Singasinga, ambaye kumbe lifti aliacha kunipa kwa sababu ameuza gari. Ilikuwa kazi ngumu kuliko rola. Mwezi wa tisa nikawakabidhi nyinyi funguo. Mwezi wa kumi wazee wakakaa, na mipira mliipanga nyinyi, nami nilikuwa kwenye benchi la nje, karibu na dirisha, kama mtu yeyote mwingine. Mzee Jayanti alipotoka chumba cha kubadilishia nguo alinyoosha viganja vyote viwili ili nione ni vitupu.

Nisha akahesabu. Sita. Mkaguna, nikawaona, na mmoja wenu akaanza kuwatazama wazee usoni mmojammoja, kwa jicho ninalolijua vizuri mno. Acha. Msirithi hilo pamoja na funguo. Mlikuwa ndani mkibishana, kwa hiyo hamkuona kilichotokea nje. Pravin alitoka mlango wa nyuma na mpira mkononi. Hakuuficha mfukoni wala hakuupeleka kwenye ndoo. Alisimama hatua chache kutoka kwangu, akaurusha, wa polepole, ukapaa, ukakawia, nikaudaka kwa mikono mitupu.

"Huo ni wangu," alisema. "Usimtafute mtu mwingine."